Nilimwambia Nesi Mwanangu Anainua Kichwa

Nilimdanganya nesi. Naanza na hilo moja kwa moja, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, nikunje karatasi, nirudi jikoni.

Kosa ni langu. Si la mama mkwe, si la mume wangu, si la zahanati. Watu wa huku kwetu wanajua habari nyingine kabisa, wanaisimulia mbele yangu, na mimi nakaa kimya. Ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua. Naandika polepole, niliishia darasa la saba, nivumilie.

Niliolewa nikiwa bado mdogo, nikahamia kwa wakwe zangu, kijiji kimoja upande wa Nduguti. Mume wangu anapakia na kushusha mizigo ya malori Shelui, anarudi nyumbani akipata nafasi. Kwa hiyo siku nyingi tuko mimi, mama mkwe na baba mkwe.

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, masikio yanawaka moto, na neno la kwanza linalonitoka ni "ndiyo." Shuleni mwalimu alikuwa akiuliza, "Umeelewa?" Nasema ndiyo. Sijaelewa kitu! Nilidhani ni tabia ndogo tu, ya kuchekwa na kusahauliwa. Sikujua itakuja kumkuta mtoto.

Mwanangu nitamwita Yona, ingawa si jina lake. Alipozaliwa alichelewa kulia. Mkunga alimsugua mgongo, akamsafisha pua, akamsugua tena, na mimi nimelala pale nasikiliza ukimya. Halafu akalia, kasauti kadogo kama ka kifaranga. Nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Arobaini ilipoisha nikampeleka kliniki. Nesi wa pale ni mama mmoja mwenye sauti kubwa, lakini hana roho mbaya. Siku hiyo alitandika mkeka sakafuni, akachukua mtoto wa mama mmoja, akamlaza kifudifudi mbele yetu sote.

"Angalieni hapa," alisema. "Mtoto akiwa macho, mlaze kwa tumbo hivi. Dakika chache tu, halafu baadaye tena, na tena. Akisukuma kichwa juu, shingo inapata nguvu, mabega yanapata nguvu, mgongo pia. Kukaa kunaanzia hapa. Kutambaa kunaanzia hapa. Ila usimwache peke yake hata kidogo! Na akisinzia, mgeuze alale chali."

Mtoto wa watu alikuwa anahangaika kwenye mkeka kama kobe.

"Na wewe mama," nesi akaendelea, "usisimame juu yake kama polisi. Lala chini na wewe, tumbo kwenye mkeka, uso wako na uso wake. Mwite. Atainua kichwa akutafute."

Mama mmoja mnene akasema, "Nesi, mimi nikilala chini nani ataninyanyua?"

"Si mumeo?"

"Huyo naye ni wa kunyanyuliwa!"

Tulicheka sana siku hiyo. Hata mimi nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kujiuliza: nilale kifudifudi wapi? Uani kwa nani?

Pengine wewe unayesoma uko mjini, huoni tatizo liko wapi. Kwetu mkamwana halali chini uani mchana. Hata ukikaa, unakunja miguu, kanga imefunika mpaka kwenye vifundo. Baba mkwe akitokea unainama, shikamoo baba, marahaba, unapisha njia. Kazi zote unafanya umeinama au umepiga magoti. Kujinyoosha mchana ni kwa mgonjwa, na mgonjwa anajinyoosha ndani.

Lakini nilijaribu. Mungu ananiona, nilijaribu!

Mama mkwe alikuwa amekwenda mashineni kusaga. Nikatandika mkeka nyuma ya jiko, nikamlaza Yona kwa tumbo. Uso ukazama kwenye mkeka, akaanza kulia. Nikamgeuza shavu apate hewa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikalala chini mbele yake.

"Yona! Yona wa mama! Niangalie!"

Alikunja paji la uso. Akasukuma. Kichwa kikanyanyuka kidogo, kidogo sana, kama mtu anayechungulia chini ya mlango, halafu kikaanguka. Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nikawa narusha miguu, kanga imepanda mpaka magotini, namwimbia.

Nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa baba mkwe, jembe begani. Alikuwa ameshageuka, ameangalia ua wa miti kama vile kuna kitu cha kusoma pale.

"Shikamoo baba," nikasema, bado niko chini! Yaani niliamkia mkwe wangu nikiwa nimelala kwa tumbo!

"Marahaba," akauambia ule ua. Akarudi alikotoka.

Jioni mama mkwe aliniita.

"Mama Yona."

"Abee mama."

"Baba yako leo hajagusa chakula."

Nikainamisha kichwa.

"Mke wa mtu analala kifudifudi uani, miguu juu, kama mtoto anayechezea maji bwawani! Kwenu hawakukufunda?"

"Samahani mama."

"Na mtoto umemgeuza uso chini, analia. Unataka azibe pumzi? Mimi nimelea wote hawa, hakuna hata mmoja niliyemlaza kama mjusi, na wote wanatembea."

Hapo nilipaswa kusema, "Mama, nesi ndiye ametufundisha." Maneno machache tu! Mama mkwe si mtu mkorofi. Ana maneno makali lakini anasikiliza, hilo nimekuja kulijua baadaye. Mimi nikasema, "Nimekosa mama." Nikaondoka na vyombo.

Kesho yake nilijaribu ndani. Chumba chetu kina dirisha dogo, nikafunga mlango ili nisionekane. Hata sijalala vizuri nikasikia, "Mama Yona! Umejifungia mchana, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Basi fungua, watu watasema nini?" Nikafungua. Sikufunga tena.

Nikaacha. Hivyo tu. Hakuna aliyenikataza kwa fimbo, niliacha mwenyewe kwa sababu ya aibu.

Ilikuwa msimu wa kulinda ndege kwenye mtama. Nilikuwa namlaza Yona chali kwenye kanga chini ya kivuli, namwekea nguo zilizokunjwa huku na huku asibingirike, mimi nazunguka shamba napiga debe. Alikuwa halii. Akiamka anatazama majani. Watu wakipita wanasema, "Mama Yona, una mtoto mpole! Wa kwangu angekuwa ameshamaliza shamba zima kwa kelele." Nilikuwa naona fahari. Mtoto mpole! Sikujiuliza kwa nini hajaribu hata kubingirika mpaka zile nguo zinakaa vilevile kutwa nzima.

Kliniki iliyofuata nesi alisimama mbele ya mabenchi.

"Haya, akina mama. Nani amemlaza mwanae kwa tumbo kama nilivyofundisha? Tuambiane ukweli."

Mama mmoja, yule mnene, akanyoosha mkono. "Mimi sijamlaza hata siku moja, nesi. Ndege wamenimaliza shambani. Nikirudi, mimi ndiye ninayelala kwa tumbo."

Watu wakacheka. Nesi akamsema kidogo, "Mwanao atakuja kukudai shingo yake!" Lakini akamwita, akamchukua mtoto, akamlaza mkekani, akamwangalia kichwa na mikono, akamwonyesha upya. Mama akarudi kukaa, hakuna kilichomtokea. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Kwa nini sikujifunza?

"Na wewe Mama Yona?"

Masikio yakawaka.

"Ndiyo," nikasema.

"Unamlaza?"

"Ndiyo."

"Anainua kichwa?"

"Anainua."

Nesi akapiga makofi! "Mnamwona Mama Yona? Mdogo kuliko ninyi nyote, hata sauti haisikiki, lakini anafanya. Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi, ndugu yangu. Mabenchi yote. Mimi ambaye tangu shule hakuna aliyewahi kunipigia makofi! Niliinamisha uso nikamficha Yona kifuani. Na nitakuambia ukweli ambao sijawahi kuutamka: nilisikia raha. Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani.

Baada ya makofi hayo ningerudije nyuma? Kila nilipokwenda, uongo ulikuwa unanisubiri mlangoni.

"Mama Yona, kichwa kimekaza?"

"Kimekaza."

"Anajigeuza?"

"Anajigeuza."

Kumbe nyumbani nilikuwa nimeanza kuona. Wenzake waliozaliwa naye walikuwa wanabebwa mgongoni huku wanageuka geuka wanashangaa watu. Wangu kichwa kilikuwa kinalala upande kama ua lililokosa maji. Nikafanya nini? Nikawa nafunga mbeleko juu, juu kabisa, mpaka kisogoni, ili kisiyumbe. Ukiniona njiani ungedhani nimemkinga na jua. Kwenye mizani, pale wanapomning'iniza mtoto kupima uzito, nilikuwa namweka mwenyewe haraka na kumshika nyuma ya shingo. "Mwache mama, haanguki," nesi anasema. "Anaogopa," nasema mimi. Uzito wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo tunapita.

Siku moja nesi akasema, "Kliniki ijayo nataka kumwona Yona mkekani, anionyeshe mambo yake." Kliniki hiyo sikwenda. Nilimwambia mama mkwe kwamba nesi amesafiri. Tazama sasa, uongo mwingine! Na iliyofuata nilikwenda nimechelewa makusudi, watu wamejaa, nesi amechoka, akapima akaandika akaniacha.

Nilikuwa najiambia atakazana mwenyewe. Mama mkwe si alisema alilea wote bila hayo na wanatembea? Nilijishikiza pale. Nilikuwa namtazama akilala nasema, kesho, labda kesho. Sikuwa na mtu wa kumwuliza, maana kumwuliza mtu ni kusema kwamba nilidanganya.

Msimu wa kuvuna alizeti mume wangu akarudi. Tulikuwa tumerundika vichwa vya alizeti kwenye turubai, tunapiga kwa fimbo. Baba Yona akamchukua mwanae kwa furaha. "Dume limekua hili! Njoo ukae kwenye mali yako." Akamkalisha juu ya lile rundo, akamwachia mkono mmoja.

Yona akajikunja. Hakuanguka kama mtoto anavyoanguka, alijikunja kama nguo unayoiachia, uso ukaingia kwenye magoti yake mwenyewe.

Mume wangu alicheka kidogo, akamkalisha tena. Akajikunja tena. Kicheko kikaisha.

"Mama Yona, huyu mtoto vipi?"

Nikaendelea kupiga alizeti.

"Nakuuliza wewe. Mtoto wa umri huu si anakaa? Mama, njoo umwone!"

Mama mkwe akaja, akamshika kwapani, akamsimamisha. Miguu haikukaza. Kichwa kikaenda nyuma. Mama mkwe akamrudisha kifuani, akamkinga kisogo kwa kiganja. Halafu akasema kitu kwa Kinyiramba, taratibu, kama sala. Baba Yona akaitupa fimbo.

"Na huko kliniki mnakwenda kufanya nini? Hawaoni?"

Kesho yake tulikwenda zahanati wote. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama mkwe hakusubiri zamu.

"Nesi, shikamoo hatupeani leo! Mjukuu wangu anakuja hapa tangu anazaliwa. Mnampima, mnaandika, mnamrudisha. Hana shingo! Hana mgongo! Hamkuona? Hamkumwambia mama yake cha kufanya, naye bado mdogo, hajui kitu?"

Nesi alimchukua Yona taratibu, akamwangalia. Nikaona uso wake unabadilika. Akamgeuza, akamshika shingo. Kisha akaniangalia mimi.

"Mama Yona. Ulisema anainua kichwa."

Nikawa nakunja mbeleko.

"Mimi nilikufundisha kumlaza kwa tumbo, au sikukufundisha?"

Watu wote waliniangalia. Mume wangu, mama mkwe, mabenchi yote. Masikio yaliwaka mpaka nikawa sisikii vizuri. Na sikiliza, ndugu yangu: neno "ndiyo," ambalo maisha yangu yote linanitoka bila kuitwa, siku hiyo lilikuwa ndilo jibu la haki. Halikutoka!

Nikasema, "Sikumbuki."

Nesi hakukasirika. Bora angekasirika! Aliniangalia kama mtu aliyebisha hodi kuulizia njia akakuta nyumba haina watu.

"Haya mama," akasema. "Twende tumwone mtoto."

Alituandikia rufaa siku hiyohiyo, akapiga simu yeye mwenyewe tusije tukazungushwa. Mama mkwe alitoka bila kuaga. Njiani alisema, "Umeona alivyotaka kukugeuzia kibao?" Mume wangu akanishika bega. "Usilie, Mama Yona, si kosa lako." Nililia zaidi.

Hospitali ya mjini tulimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole. Alikunja blanketi, akamlaza Yona juu yake kwa tumbo, akawa anachezesha njuga mbele yake. Yona alilia uso uko chini. Nilitaka kumnyakua nikimbie.

"Kliniki hawakuliona hili mapema?" aliuliza.

"Walikaa kimya, daktari!" mama mkwe akajibu. Mimi nilikuwa nafunga kanga yangu upya. Ilikuwa imefungwa vizuri.

Akatueleza kwamba udhaifu huo huenda ulianza siku ya kuzaliwa, pale alipochelewa kulia. Akasema kumlaza kwa tumbo peke yake kusingeliondoa tatizo.

"Lakini kungelionyesha," alisema. "Mama angeona kichwa hakipandi, angesema kliniki, tungempata akiwa mchanga kabisa. Mwili wa kichanga unajifunza haraka. Sasa tutakwenda polepole."

Niliuliza swali moja tu. "Atatembea?"

"Sijui, mama. Tufanye mazoezi, tuone."

Hilo neno "sijui" ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Ningeambiwa kosa langu limechukua nini hasa, ningejua nibebe kiasi gani. Lakini hakuna anayejua. Labda angekuwa hivihivi. Labda sasa angekuwa anafukuza kuku. Nani ataniambia?

Tulirudi na maelekezo ya mazoezi. Sasa nataka ujue kilichotokea, maana hiki ndicho kinachoniua.

Mama mkwe ana magoti mabovu, kuinama kwenyewe ni shughuli. Siku ya kwanza tu alitandika mkeka katikati ya uwanja, mchana, akanishika mkono, "Eeh Bwana," akashuka goti moja, akashuka la pili, akalala kwa tumbo mbele ya mjukuu wake. Kilemba kikaanguka, hakukijali.

Baba mkwe akatokea na mbuzi wake. Akasimama.

"Mama nanihii! Umeanguka?"

"Nimeanguka nini! Njoo umwite mjukuu wako, mimi sauti imekauka."

Na mzee yule, ambaye aliwahi kuongea na ua kwa sababu yangu, akachuchumaa pale, akaanza kumpigia Yona mluzi ule anaoitia mbuzi. Mbuzi wakaja wote! Tulicheka mpaka machozi. Yona alinyanyua kichwa kidogo, akakitupa.

Mama mkwe akiwa bado chini, shavu kwenye mkeka, akasema, "Laiti tungeambiwa mapema, mwanangu. Ningelala hapa kutwa. Nani angenizuia?"

Nilichukua ndoo nikaenda nyuma ya nyumba. Ndoo ilikuwa imejaa maji tayari.

Umeelewa? Angelala! Ningefungua mdomo tu, nikasema nesi ametufundisha hivi, yeye mwenyewe angelala kwenye mkeka ule badala yangu, na baba mkwe angepiga mluzi, na mtoto angeonekana mapema. Nilikuwa naogopa watu ambao wangenisaidia.

Anasema maneno hayo kila siku; ile siku ya nyuma ya jiko anaihesabu mchezo wangu wa utoto tu, hajawahi kuiunganisha na nesi. Laiti tungeambiwa. Anayasema kisimani, anayasema kanisani, anawaambia wageni. Mara nyingi nimefungua mdomo. Nikitaka kusema, namwona alivyoniamini, naona mume wangu alivyonishika bega njiani, mdomo unajifunga. Nitaishi wapi baada ya hapo? Yona nitampeleka wapi?

Sasa Yona ana miaka miwili na zaidi. Kichwa anakishika kwa muda, kisha kinachoka. Anakaa tukimwegemeza na magunia. Anacheka sana, na anajua majina ya mbuzi wote kwa namna yake. Hatambai. Watoto wa umri wake wanapita mbio mlangoni, anawafuata kwa macho mpaka wanapotea. Kila siku namlaza kwa tumbo, nalala mbele yake. Siku nyingine ananyanyuka, tunaangaliana. Siku nyingine uso unabaki chini, namgeuza shavu apate hewa, tunasubiri.

Nesi bado yuko palepale. Nikimpeleka Yona ananiuliza mazoezi yanaendeleaje, basi. Hajawahi kunikumbusha lile. Lakini wanawake wa upande wetu wamepungua kliniki yake; wale walionipigia makofi wengi ni wa vijiji vingine, na kwetu lililoenea ni neno la mama mkwe. Wengine wanatembea mbali kwenda zahanati nyingine. Wengine hawaendi kabisa. "Yule nesi alimwacha mtoto wa Mama Yona akaharibika," wanasema. Wananionea huruma, wananiletea mihogo.

Hivi karibuni nilikuwa bombani. Jirani yetu mmoja, msichana mdogo aliyeolewa juzijuzi, alikuja na kichanga mgongoni. Naye ni mtu wa aibu, namwona, anaongea akiangalia ndoo.

"Dada Mama Yona, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Dada, nikuulize? Nesi amesema nimlaze kwa tumbo akiwa macho. Mama mkwe anasema niachane naye yule, ndiye aliyekuharibia Yona. Nimsikilize nani?"

Maji yalikuwa yanajaa kwenye ndoo yangu, yakamwagika, nikawa nayaangalia.

"Mlaze," nikasema.

"Mama mkwe akinifokea?"

"Mlaze tu."

Akafikiri. Kisha akauliza taratibu, bila ubaya wowote, "Kwani wewe uliambiwa, dada?"

Nikajitwika ndoo, nikasema nimeacha uji jikoni. Sikuwa na uji jikoni! Nikaondoka, maji yananimwagikia usoni, na nilipogeuka kwenye kona nilimwona bado amesimama, amemfunga mwanae mbeleko juu kabisa, sijui kwa ajili ya jua au kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo naandika. Ninyi akina mama wadogo mnaoona haya kama mimi: ukiulizwa kliniki na hujafanya, sema sijafanya. Utasemwa kidogo, watu watacheka, yataisha palepale benchini. Kama mwanao hanyanyui kichwa, mfungue hiyo mbeleko aonekane! Usimfiche mtoto ili wewe usionekane. Na ukishindwa kuongea mbele za watu, subiri watoke, mfuate nesi pembeni, mnong'oneze. Mweleze na mama mkwe pia, hata kama mdomo unatetemeka. Msichanganye tu, akisinzia alale chali, na usimwache mkekani peke yake.

Nanyi mama wakwe, mkimkuta mkamwana amelala chini na mtoto, muulizeni anafanya nini kabla ya kumfokea.

Nawe mdogo wangu wa bombani, sijui kama karatasi hii itakufikia, na nikikutana nawe kesho najijua, nitakuuliza habari za mtoto nitapita. Uliniuliza kama niliambiwa. Niliambiwa. Mapema, vizuri, na mkeka ukatandikwa mbele yangu. Nesi hana kosa. Mpeleke mwanao kwake.